Nafasi ya Tano

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Imekufa! Programu imekufa mikononi mwangu, na mimi nimekaa nacheka peke yangu kama mwehu.

Leo nimefika kwenye kazi ya kusoma namba. Tangu mfungo uishe ninaihamisha maktaba ya kaka Anouar kutoka lugha ya kompyuta ya C kwenda ya Rust. Maktaba — yaani zile kazi ndogondogo ambazo kila programu ya C inaziita bila kufikiri: hesabu herufi, nakili maneno, linganisha, geuza maandishi yawe namba. Kadi ya kituo cha kupimia mto cha Gatumba, yaani kompyuta yake ndogo, ilikuwa ndogo mno kubeba maktaba za kawaida. Kaka akaandika ya kwake, yote, mwenyewe, nyuma ya gereji ya marehemu baba hapa Buyenzi. Nilikuwa bado shuleni. Nilimwona mkubwa kuliko waziri.

Sasa wafadhili wanataka king'ora cha mafuriko kirudishwe Gatumba. Sharti lao moja: maktaba ile iandikwe upya kwa lugha isiyomruhusu mtu kuandika kwenye kumbukumbu isiyo yake. Bwana Maxime, shefu wetu kazini, akanipa kazi mimi. Kaka hakukasirika. Alisema nikimkuta na kosa hata moja atanilisha mishikaki.

Nimelikuta! Kisanduku chake cha kusomea namba kina nafasi nne: tatu za tarakimu, ya mwisho ni ya sifuri ya kufungia, inayosema namba imeishia hapa. Nilikiiga vilevile kilivyo, nikaanza kujaribu. 7, sawa. 85, sawa. 999, sawa. 1000 — paf! Rust imegoma. Inasema kisanduku kina nafasi nne, wewe unataka kuandika kwenye ya tano. Ikasimamisha kila kitu palepale.

C isingesema neno. Ingeandika tu kwenye hiyo ya tano, ikaendelea na safari yake.

Kesho nitazame hiyo ya tano ni ya nani. Mishikaki!


Ijumaa, 11 Aprili

Ya Rabi. Ya Rabi.

Nimefungua ramani ya kumbukumbu ya programu ya zamani, ile iliyokuwa inaendesha kituo. Nikatafuta kisanduku cha namba. Nikatazama nani amekaa baada yake. Mlango kwa mlango, bila hata ukuta katikati.

Ruhusa ya king'ora.

Moja ikiwa pale, king'ora kinaruhusiwa kulia. Sifuri ikiwa pale — kimya.

Na ile namba inayosomwa ni maji. Milimita juu ya alama ya kawaida ya mto. Zikifika mia nane, king'ora kinaanza. Mia nane na hamsini, kinalia. Mia tisa, kinalia. Maji yakitimiza mita moja, namba inakuwa na tarakimu nne, sifuri ya kufungia inakosa kiti, inakwenda kukaa kwa jirani. Ruhusa inakuwa sifuri.

Kwa hiyo hakikuharibika. Kiliambiwa kinyamaze! Na aliyekiambia ni maji yenyewe.

Nani hapa mjini hajui habari ya king'ora cha Gatumba? Mwaka ule wa mafuriko kililia kidogo, watu wakaamka, wakabeba watoto na magodoro. Halafu kikanyamaza. Wakasema maji yameshuka. Wakarudi kulala! Mto Rusizi ukawakuta ndani. Na mtoto mmoja hakutoka — Adélaïde, binti wa mama anayeitwa Nella.

Wote walisema king'ora kilizimwa na mlinzi wake, mama Daphrose. Yeye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Alikutwa kwenye sanduku la kuwashia king'ora. Alifukuzwa Gatumba kwa mawe, nasikia sasa yuko Mutakura.

Labda nimekosea. Natamani niwe nimekosea.

Kaka ameniuliza mezani mbona sili. Nimesema kichwa.


Jumamosi, 12 Aprili

Sijakosea.

Umeme ulirudi asubuhi. Nilitoa kadi ya zamani kabatini, na king'ora chake, na lile sanduku la ufunguo. Nikavipanga kwenye meza uani. Nikamwambia kaka nataka anisaidie kujaribu. Sikumwambia nini. Alifurahi! Alifuta vumbi kwenye kadi kwa pindo la shati, akasema, "Huyu muzee bado muzima."

Badala ya mto, mimi ndiye niliyekuwa nachapa namba. Nikachapa 700. Kimya, ndivyo inavyotakiwa. Nikachapa 800.

Mama yangu! Sikujua kuwa kinalia hivyo. Kuku waliruka ukuta. Shakuru, jirani fundi wa pikipiki, akaanza kupiga kelele kutoka kwake: "Eh! Munatuua masikio! Munafanya nini huko?" Kaka akacheka, akaziba masikio. 900. Bado kinalia. 999. Kinalia.

Nikamtazama kaka. Nikachapa 1000.

Kimya.

"Alhamdulillah!" Shakuru akapaza sauti. "Asanteni, mumezima!"

Hatujazima. Hakuna aliyegusa kitu.

Kaka aliacha kucheka. Akashika nyaya moja moja. Akazungusha ufunguo, akazima, akawasha. King'ora kikasema pii — kikakata. Akazungusha tena. Pii — kikakata. Mara ya tatu aliuacha ufunguo haraka, kama umemchoma.

"Chapa mia tisa," akasema. Nikachapa, akazungusha, kikalia vizuri. "Chapa elfu." Kimya.

Ndipo nikamwonyesha ramani: ufunguo unarudisha moja, namba ya maji inayofuata inaweka sifuri tena. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Halafu akakaa chini, kwenye udongo, ingawa kiti kilikuwa nyuma yake.


Jumapili, 13 Aprili

Hakutoka chumbani mpaka adhuhuri. Alipotoka nilimpa chai, akaishika tu.

Nilitaka kumfariji. Nilisema hakuna mtu angejua. Nikasema mto ule haukuwahi kufika mita moja juu ya alama, tarakimu tatu zilitosha, kumbukumbu ilikuwa kidogo, ilibidi abane kila nafasi. Nilisema yote ambayo mdogo mtu anasema.

Akanikatiza. "Soumaya, we hujui. Mi ndo nilisema."

Alisema nini?

Siku walipomweka yule mama katikati, kwenye mkutano wa mtaa, waliita biro yetu, ofisi iliyoweka king'ora, ilete mtu wa mashine. Bwana Maxime akamtuma yeye. Mama Daphrose alimshika mkono mbele ya watu, akamwomba: kijana, angalia tena mashine yako. Na kaka yangu — huyu, aliyenifundisha mimi kila kitu, asiyekubali hata fundi wake amdanganye mteja — akasema mashine haikosei. Akasema king'ora hiki hakiwezi kunyamaza bila mkono wa mtu.

Hakuifungua. Aliipiga kofi juu, hivi, kama mtu anayemsifu ng'ombe wake. Ameniigizia, kwenye meza. Kofi moja.

Nilisimama nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimemweleza Bwana Maxime. Nilidhani ataruka kwenye kiti.

Hakuruka! Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango wa biro, akauliza jambo moja: ile maktaba mpya, ya Rust, inaweza kufanya kosa hilo? Nikasema kuandika kwa jirani, apana, haiwezi. Nimekwisha kurekebisha na usomaji wa namba, elfu inasomeka, hata elfu kumi. Akapumua.

"Basi iko salama. Sasa ile ya zamani inatuhusu nini?"

Nikasema kuna mama alifukuzwa kwa mawe.

Akasema kila mtu alisema ni yule mama. Ripoti aliisaini yeye Bwana Maxime mwenyewe, kwa nia njema. Sasa wafadhili wako mlangoni, king'ora kinarudi, watoto wengine watapona. Je, nataka kuharibu hilo? Akaongea polepole, kwa huruma kabisa, kama mganga. Tuweke mpya, tufute ya zamani, maisha yaendelee. Dereva atakuja kwetu kuchukua ile kadi.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Soumaya. Kumbuka pia ile kazi iko na jina la nani."

Nimeshuka ngazi. Wiki zote hizi nilikuwa najivunia kazi yangu. Mstari kwa mstari naondoa hatari! Kumbe nilikuwa nachimba kaburi zuri, safi, la kumfukia Daphrose moja kwa moja. Ningemaliza wiki hii, ya zamani ingefutwa, na hakuna mtu duniani angejua.

Kama nisingechapa elfu. Kama ningechoka kwenye 999 nikaenda kunywa chai.


Jumatano, 16 Aprili

Nimetoka Mutakura. Bado nasikia sauti yake.

Petroli hakuna, nilipakiwa na kijana wa baiskeli ya kukodi mpaka miguu yake ikaniuma mimi. Sokoni niliuliza mama Daphrose, wakanionyesha bila shida. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Mama mnene kidogo, kitambaa cha kijani kichwani, mikono inafanya kazi hata akiongea na mtu. Akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye debe. Alidhani ni mteja.

Nikasema nimekuja kwa ajili ya king'ora, ile sirene ya Gatumba.

Mikono ilisimama.

"Mi nilizima," akasema. "Nimeisha kusema, mwanangu. Nimeisha kuomba musamaha mbele ya kanisa nzima. Munataka nini tena?"

Nilishtuka mpaka nikasahau maneno niliyoyapanga njiani. Alizima? Basi yale ya uani ni nini? Nikajiuliza kama inawezekana vyote viwili — maji yakanyamazisha, na yeye akazima. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama alizima kabla ya kimya au baada.

"Namna gani, mbele ao nyuma?"

"Mama, ulipofika kwenye sanduku, sirene ilikuwa inalia?"

Mteja akaja, akauliza bei, hakujibiwa, akaondoka.

"Apana," akasema. "Apana… Ilikuwa imenyamaza. Nilikuwa nyumbani nafunga mutoto mugongoni. Ikanyamaza. Nikasema, eh, umeme. Nikakimbia. Maji iko hapa." Akashika goti. "Nikazungusha funguo. Ikasema pii, ikakata. Nikazungusha. Pii. Nikazungusha tena na tena, nalia, nasema sema basi, sema! Wakanikuta hapo. Mukono kwenye funguo."

Pii. Sikuwa nimemwambia pii.

Nikamwuliza kwa nini basi alikubali.

"Batu bote banasema. Kijana wa mashini anasema mashini yake haikosei. Nani alibaki? Mi. Kisha miaka, mwanangu… nikifunga macho naona huu mukono unazima. Naona kabisa. Inalia, na mi nazima."

Nikamweleza. Kwa viti: viti vitatu vya wageni, cha nne cha bawabu anayefunga mlango. Mgeni wa nne akija, bawabu anasukumwa nje, anamkalia jirani. Jirani ndiye sirene. Alielewa haraka kuliko Bwana Maxime. Akasema polepole, "Kwa hiyo vile maji ilipanda sana, ndo ilijifunga."

Ndiyo, mama.

"Si mi."

Si wewe.

Nilingoja machozi. Nilikuwa nimejiandaa hata kumkumbatia, mjinga mimi! Akaniuliza yule kijana wa mashine alikuwa wapi miaka hii yote. Ningeweza kusema sijui. Nikasema ni kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja.

"Simama," akasema.

Sikuelewa.

"Toka kwenye kiti yangu."

Nikasimama. Akakifuta kile kiti kwa kitambaa, akakaa, akanigeuzia mgongo, akaanza kupanga mafungu ya ndagala. Nilibaki pale, sijui kwenda, sijui kubaki. Wauzaji wa jirani wananitazama. Mwishowe akaongea bila kugeuka. Jumamosi. Kaka aje mwenyewe Gatumba. Mama hataki aambiwe yeye, yeye amekwisha kujua.

"Aambie Nella."


Alhamisi, 17 Aprili

Dereva wa Bwana Maxime amekuja kuchukua kadi. Gari lenye petroli! Mtaa mzima ulitoka kutazama.

Kaka alikwenda getini mwenyewe. Nilisikia akisema, kwa adabu, kwamba kadi ile aliitengeneza yeye na atakayeitaka aje Gatumba Jumamosi. Dereva akapiga simu palepale. Kaka akapewa simu, akasikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, akarudisha simu.

Hatuna kazi tena. Wote wawili. Na Bwana Maxime amesema kama kuna mtu atakamatwa, asimtaje yeye.

Nilimwuliza kaka kama anaogopa. Akasema, "Sana."

Maktaba yangu nimeimaliza leo jioni. Sijui kwa ajili ya nani. Majaribio yote yamepita.


Jumamosi, 19 Aprili

Naandika kwenye simu, nimekaa kwenye tofali mbele ya nyumba ya Nella, Gatumba. Mama Daphrose yuko karibu yangu, kwenye tofali lingine. Kaka yuko ndani.

Tulikuja kwa baiskeli, kaka amefunga king'ora, kadi, sanduku la ufunguo na betri nyuma ya kiti. Mama Daphrose alitungoja barabarani, amevaa nguo ya kanisani. Hakumsalimia kaka. Kaka alitelemka, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akampita bila kujibu, nasi tukamfuata. Watu walimtambua! Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake ndani, kama amepita mbwa mkali. Hajakanyaga hapa tangu mwaka ule.

Nella ni mwembamba, kijana kuliko nilivyofikiri. Alikuwa anafua. Alipomwona Daphrose alisimama na povu mpaka kwenye viwiko, uso haukuonyesha kitu. Daphrose alinyoosha tu mkono kumwelekeza kaka.

"Na we ni nani?" Nella akauliza.

Kaka akaegemeza baiskeli ukutani. Akasema, "Mi ni yule nilisema mashini haikosei. Ilikosa. Ni mi nilikosa. Huyu mama hakuzima."

Nilidhani atapiga kelele. Nilidhani atamrushia maji. Alikausha mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akatazama kile king'ora kwenye baiskeli.

"Ni ile ile?"

"Ni ile ile, mama."

"Leta ndani. We peke yako." Mlango ukafungwa.

Tumekaa. Nilisikia kaka akieleza, sauti ya chini. Mara nyingi anasimama. Daphrose ameweka mikono juu ya magoti, imetulia, ameitazama mbele yake kama vitu vya mtu mwingine.

Halafu sauti ya kaka: "Bonyeza we mwenyewe."

Na kikalia!

Sikuwa nimefikiri. Wallahi, sikufikiri! King'ora kile, sauti ile ile, Gatumba, mchana kweupe. Watu wametoka kila mlango. Wamebeba watoto. Mzee mmoja anakimbia bila viatu, amekumbatia redio. Mwanamke ametoka na sabuni kichwani, analia, "Maji! Maji!" Nimesimama napunga mikono, nasema hakuna maji, hakuna maji, nani ananisikia?

Kikalia, kikalia. Wakaja mpaka hapa, kwa sababu sauti inatoka hapa. Wakamwona Daphrose. Wote wakamwona, kwenye tofali lake, mikono kwenye magoti.

Kikanyamaza.

Hakuna aliyesogea. Ndani, kidogo: pii. Kimya. Pii. Kimya.

Walikuwa wanaitazama mikono yake. Yule mzee mwenye redio alikuwa wa kwanza kuitazama, halafu mlango uliofungwa, halafu mikono tena. Midomo yake inatembea. Daphrose hajaificha, hajaionyesha. Machozi yanamshuka na hayafuti, maana ili ayafute lazima aiondoe pale.

Sasa wamekuwa wengi. Wanaume wawili wameshika majembe, sijui walikuwa shambani au wameyachukua sasa hivi. Wanaulizana kwa Kirundi, haraka kuliko ninavyoweza kufuata, lakini swali lenyewe nalisikia, linapita mdomo kwa mdomo, linakaribia. Nani basi? Kama si yeye, nani?

Mlango umefunguka. Nella. Ametoka nusu, mkono mmoja ameacha kwenye ubao wa mlango, nyuma yake giza tu, kaka simwoni. Amemwita Daphrose kwa jina, amemwambia aingie. Daphrose ameinuka, amepita chini ya mkono wake, ameingia.

Mimi sikuitwa.

Mmoja wa wale wenye majembe amesogea mpaka kwenye beseni la nguo. Anamwuliza Nella nani yuko ndani.

Nella hajatoa mkono kwenye mlango. Atakayetaka kuingia lazima aupite huo kwanza.